UZI: Bilinganya nyeupe bustani ya nyumbani hapa Tanga, kuanzia kitalu hadi kuchuma kabla haijawa njano

Mwambao_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaolima bilinganya nyeupe nyumbani, iwe kiwanja cha Sahare au ndoo tatu barazani Ngamiani. Kilimo chake kwa sehemu kubwa ni kilekile cha bilinganya za zambarau, kwa hiyo nitakaa zaidi pale zinapotofautiana, na pale Tanga yenyewe inapoleta mambo yake: chokaa, chumvi na jua la kaskazi.

Kwanza mbegu. Zambarau ya bilinganya ya kawaida ni rangi iliyomo kwenye ganda, na hii nyeupe haina rangi hiyo kabisa. Kwenye pakiti mtakutana na majina kama Casper (tunda refu kiasi, karibu sentimita 15), Gretel (vitunda vidogo vinavyotoka kwa vichala, vinachumwa vikiwa na sentimita 8 hadi 10) na Japanese White Egg (umbo la yai). Gretel ni chotara, mbegu yake usihifadhi. Maduka mengi ya pembejeo yana Black Beauty tu, ambayo ni nyeusi, kwa hiyo soma pakiti na usitegemee picha. Gramu moja ya mbegu ina punje kama 200 hadi 250. Kwa familia ya watu sita mashina manne hadi sita yanatosha sana, msinunue mkebe.

Wakati. Masika yakiwa makali, miche inaoza na magonjwa ya ukungu yanatawala. Jua la Januari hadi Machi nalo linaangusha maua, maana joto likipita nyuzi 35 chavua inaharibika na ua linadondoka na kikonyo chake. Nafasi nzuri ni kusia mwanzoni mwa Mei chini ya kivuli, kuhamisha katikati ya Juni mvua zikipungua, na kuchuma kuanzia mwishoni mwa Agosti. Awamu ya pili sia Agosti, uhamishe mwishoni mwa Septemba ili vuli ikusaidie kumwagilia.

Kitalu: udongo, mboji iliyoiva na mchanga wa mtoni, fungu moja moja. Mchanga wa pwani hapana. Mwagia maji ya moto yanayochemka, acha upoe, ndiyo usie. Kina sentimita moja, punje moja kila sentimita 3. Funika kwa makuti mpaka zichomoze, kwa joto letu ni siku 7 hadi 14. Zikichomoza tu, makuti yanyanyuliwe juu ya vijiti. Ukiyaacha yamelala, miche inarefuka kama uzi na kinyausi (ukungu unaoozesha miche) kinaikata pale shina linapogusa udongo. Mwagilia asubuhi tu. Mche uko tayari ukiwa na majani 4 au 5 ya kweli na urefu wa sentimita 10 hadi 15, wiki ya tano au ya sita. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli kidogo kidogo ili ukomae.

Shimo sentimita 30 kila upande, samadi iliyooza vizuri sado moja ya lita 4, kisoda kimoja cha DAP (mbolea ya kupandia, kama gramu 5) ukichanganye na udongo wa chini kisigusane na mizizi. Mche kwa mche sentimita 60, mstari kwa mstari 75 hadi 90. Hamisha jioni. Mambo ya kuchuma nitayaweka peke yake chini, ndiko watu wanakoharibu.

Pongwe_Stesheni

Ahsante mkuu. Swali: huku kwetu chokaa ni tele. Majani mapya yanatoka ya njano, mishipa ndiyo inabaki kijani. Watu wanasema niongeze majivu. Ni sahihi?

KisodaKimoja

Hapana ndugu, majivu usiweke hata kijiko. Majivu yanapandisha pH (kipimo cha tindikali ya udongo, kikipanda tindikali inapungua), na udongo wa chokaa wa Pongwe na Maweni tayari uko juu. Bilinganya inapenda pH ya 5.5 hadi 6.8. Ikizidi hapo madini ya chuma yapo ardhini lakini mzizi hauyapati. Ndiyo maana njano inaanza kwenye jani jipya la juu, mishipa inabaki kijani. Ingekuwa njano ya jani zima, tena la chini, hapo ungesema nitrojeni imepungua. Angalia jani gani limeanza kabla hujafungua mfuko wa mbolea.

Dawa ya haraka ni mbolea ya majani yenye madini chuma, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku 10. Dawa ya kudumu ni samadi na mboji nyingi, au achana na ardhi uiweke kwenye ndoo. Ukitaka uhakika peleka sampuli kituo cha utafiti Mlingano, Muheza, wao ni watu wa udongo. Chota sehemu tano sita za bustani, kina cha sentimita 20, changanya, kausha kivulini, nusu kilo inatosha.

Pongwe_Stesheni

Nimekupata. Ndoo ya ukubwa gani?

KisodaKimoja

Lita 20, shina moja kwa ndoo. Ndoo ya lita 10 itakupa mmea, matunda utayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Toboa matundu sita hadi nane chini, ya upana wa kidole. Weka vipande vya vigae au kokoto, kisha udongo mwekundu mafungu mawili, samadi fungu moja, makumbi yaliyokatwakatwa fungu moja. Ndoo nyeusi ipake chokaa nyeupe kwa nje au uivishe gunia, la sivyo mizizi ya upande wa magharibi inaiva.

Makumbi

Naongezea hapo kwenye makumbi. Yale yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba yameshiba chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi siku mbili, mwaga, rudia mara tatu. Makumbi makavu ya nazi zilizofuliwa nyumbani hayana shida hiyo, loweka mara moja tu.

Na kama kisima chako kiko karibu na bahari, onja maji. Ulimi ukihisi chumvi, bilinganya imeshaihisi zamani, si mmea wa kuvumilia kama mnazi. Dalili ni kingo za majani kuungua rangi ya kahawia na utando mweupe juu ya udongo. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba au ya mvua, mwagia chini ya shina na siyo juu ya majani, na kila baada ya wiki mbili mwagia maji mengi safi yapite mpaka chini yaondoke na chumvi. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ndiko kunakoua haraka, kwa sababu maji yanakauka, chumvi inabaki.

BiMkubwa_Chumbageni

Jamani, mashina yangu yametoa maua mengi ya zambarau, mazuri mno, lakini yanadondoka. Mbegu niliuziwa kwamba ni nyeupe. Nimetapeliwa?

Mwambao_Tanga

Hujatapeliwa shangazi. Nyingi ya nyeupe zinatoa ua la zambarau vilevile, rangi ya ua haikwambii rangi ya tunda. Subiri kitunda cha kwanza kikitokeza chini ya kikombe chake (kile cha kijani kinacholishika tunda).

Kuhusu kudondoka, chuma ua moja lililofunguka uliangalie kwa karibu. Katikati kuna koni ya njano, hizo ndizo zenye chavua, na katikati ya koni kuna kijiti chembamba cha kijani. Kijiti kikichomoza nje ya koni, ua hilo linaweza kushika tunda. Kikiwa kifupi, kimejificha ndani, hilo ni la kudondoka tu, hata ulibembeleze. Kila mmea unatoa maua mafupi kadhaa, hiyo ni kawaida. Yakiwa mengi kuliko marefu, mmea una njaa, umebeba matunda mengi mno, au joto limezidi.

BiMkubwa_Chumbageni

Nimeangalia matano. Manne kijiti kimechomoza. Sasa?

Tunguja

Basi shida ni chavua haitoki. Koni ya bilinganya haipasuki kwa urefu wake, ina vitundu vidogo kwenye ncha, na chavua inamwagika ikitikiswa. Kazi hiyo hufanywa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, wanaunguruma wakiwa wameling'ang'ania ua. Kama bustani iko ndani ya ukuta au chini ya neti, hawafiki. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi gonga kikonyo cha ua kwa kidole, mara tatu nne, kila siku ya maua. Usinyunyize dawa asubuhi. Na kama umeweka urea au CAN (mbolea za nitrojeni) juzijuzi, simamisha, nitrojeni ikizidi inakupa kichaka.

KisodaKimoja

Kwenye CAN niweke vipimo, maana hapa ndipo watu wanamwaga. Kisoda kimoja kwa shina wiki ya tatu baada ya kuhamisha, kisoda kingine maua yanapoanza, basi. Duara kuzunguka shina, umbali wa sentimita 10 hadi 15, ufukie na umwagilie hapo hapo. Baada ya hapo kila mchumo wa tatu kikombe cha samadi ya kuku iliyooza kinatosha. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi.

Maji: mchanga wa pwani, shina linalozaa linataka lita 3 hadi 4 kwa siku wakati wa joto. Udongo mwekundu unaweza kuruka siku. Tandaza makuti makavu au nyasi unene wa sentimita 5, yaache nafasi ya kiganja kutoka shina. Maji yakija leo na kukata siku nne, tunda linatoa doa jeusi lililobonyea kwenye kitako, na kwenye nyeupe doa hilo linaonekana kutoka barabarani.

Tunguja

Wadudu. Nitataja wale ninaoona wanasumbua kweli, wengine mtawasoma kwenye vibandiko vya dawa.

Kiwavi mtoboaji ndiye bwana mkubwa. Nondo anataga kwenye machipukizi na kwenye kikombe cha tunda. Kiwavi anaingia ndani ya chipukizi, ncha inanyauka wakati majani mengine yote ni mazima. Ukiona ncha moja imelala, ikate sentimita 5 chini ya pale iliponyauka, ipasue, utamkuta wa rangi ya waridi ndani. Tumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usitupe kwenye lundo la mboji, atatoka. Akishaingia kwenye tunda dawa ya kunyunyiza haimfikii tena, kwa hiyo kukagua mara mbili kwa wiki kunashinda kupiga dawa. Tunda lenye kitundu kilichozibwa na uchafu wa kahawia, chuma, lizamishe, usiliache linaning'inia kwa huruma.

Kabla ya hapo zunguka uzio wako ung'oe tunguja na mnavu zilizojiotea. Ni ndugu wa bilinganya na zinafuga wadudu walewale. (Ndiyo, najua jina langu.)

Utitiri mwekundu unakuja na kaskazi na vumbi. Jani linakuwa na vidoa vidogo vya njano, ukiligeuza kuna utando mwembamba na vitu vidogo kuliko punje ya chumvi vinatembea. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo, kisha mwarobaini. Msikimbilie dawa kali za kuua kila mdudu, zinaua wale wanaokula utitiri na baada ya wiki mbili unao mara dufu.

Mwarobaini tunao kila kona, mjue kuutumia: gramu 50 za kiini cha mbegu iliyotwangwa kwa kila lita ya maji, loweka usiku mzima, chuja kwa kitambaa, weka sabuni ya kipande kidogo sana ili ishike. Nyunyiza jioni, jua linaiharibu. Jaribu jani moja kwanza, ikizidi nguvu inaunguza. Rudia kila baada ya siku 7.

Makumbi

Swali la mnyauko. Shina zima linalala mchana, usiku linaamka, siku ya tatu haliamki tena. Majani bado kijani. Ni kiu au ugonjwa?

Tunguja

Udongo ukiwa na unyevu, hiyo ni bakteria. Hakikisha hivi: kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa sentimita 10, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iguse maji tu, usikitikise. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi za maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, umepata jibu. Hakuna dawa. Ng'oa na udongo wake, choma, osha jembe, na mahali hapo usipande bilinganya, nyanya, pilipili wala ngogwe (nyanya chungu) kwa miaka mitatu angalau.

Glasi ikibaki safi, ng'oa uangalie mizizi. Vifundo vifundo ni minyoo fundo. Hapo panda mahindi au mtama msimu unaofuata. Bamia usiipande, nayo inaliwa na minyoo hiyo vibaya sana. Kama majani ya chini yalianza njano upande mmoja na shina ukilipasua lina mistari ya kahawia, huo ni ukungu wa ardhini, na dawa yake ni ileile ya kuhama mahali.

Pongwe_Stesheni

Mkuu Mwambao, ulituahidi kuchuma.

Mwambao_Tanga

Haya. Bilinganya ya zambarau ikikomaa kupita kiasi inapoteza mng'aro na kuwa kama shaba, na macho ya watu yamezoea hilo. Nyeupe haina pa kubadilika hapo katikati. Inakaa nyeupe, nyeupe, nyeupe, halafu inageuka njano. Watu wanasubiri "iive" na wanachuma njano. Njano ni hatua ya mbegu: ndani ni sifongo, punje zimekuwa za kahawia na ngumu, na inauma ulimi kwa uchungu. Ukiona hata kivuli cha njano kwenye kitako umechelewa kwa chakula.

Kwa hiyo tunatumia vitu vitatu. Mng'aro: tunda la kuchuma linang'aa kama limepakwa mafuta, likianza kufifia na kuwa kama chaki, lichume leo. Dole gumba: bonyeza taratibu tumboni. Likiwa gumu kabisa halijafika. Likibonyea kisha likarudi, ndilo. Alama ikibaki limepita. Kingo za kikombe: inua kidogo kile kikombe cha kijani, ukiona ukanda chini yake ni mweupe mbichi kuliko tunda, bado linakua haraka. Kwa kawaida ni wiki mbili hadi tatu tangu ua lishike, siku 65 hadi 80 tangu kuhamisha mche kwa mchumo wa kwanza.

Ukubwa usiufuate. Shina lililokosa maji linatoa tunda dogo lililokomaa. Na ukubwa wa picha ya pakiti ni wa kule walikopigia picha.

Kata kwa mkasi au kisu, acha kikonyo cha sentimita 2. Ukivuta unavunja tawi, na vikombe vya aina nyingine vina miiba. Chuma asubuhi mapema kila baada ya siku 3 au 4. Tunda moja la njano likibaki juu, mmea unaona kazi ya kuzaa imekwisha na maua yanapungua.

BiMkubwa_Chumbageni

Zangu zinapata njano upande mmoja tu, zikiwa bado ndogo na ngumu. Upande wa ukuta ni nyeupe safi.

Mwambao_Tanga

Huko ni kuungua na jua, shangazi, siyo kukomaa. Upande unaotazama jua la saa nane unakuwa njano iliyopauka, halafu kahawia, kama karatasi. Usipunguze majani ya juu. Tawi lililolala lifunge kwenye kigingi cha mita moja na robo, kamba ya mkonge, fundo la namba nane lisikabe.

KisodaKimoja

Hapa nitofautiane kidogo. Januari na Februari majani peke yake hayatoshi kwa nyeupe. Weka neti ya kivuli ya asilimia 30, au makuti machache upande wa magharibi. Asilimia 50 inayouzwa zaidi inapunguza maua.

Mwambao_Tanga

Kwa miezi hiyo nakubali. Kuanzia Juni hadi Oktoba sioni haja, neti inafuga inzi weupe.

Kupogoa: toa machipukizi yote chini ya panda ya kwanza (pale shina linapogawanyika), acha matawi matatu hadi manne makuu. Hiyo inatosha.

Makumbi

Kuhifadhi? Kwenye friji zinapata madoa.

KisodaKimoja

Friji ni baridi mno, chini ya nyuzi 10 ganda linabonyea vidoa na mbegu zinakuwa nyeusi. Kwenye zambarau huoni, kwenye nyeupe unaona kesho yake. Ziache kwenye kapu mahali penye kivuli na hewa, zile ndani ya siku mbili tatu. Msizirundike, mchubuko wa kucha tu unageuka mstari wa kahawia. Ganda la aina nyingine ni gumu kidogo, menya kama unapika ya nazi. Kwa kukaanga vipande vya duara acha, linashikilia nyama isisambaratike.

Pongwe_Stesheni

La mwisho wakuu. Jirani anasema hizi ni ngogwe tu, hakuna jipya.

Tunguja

Ngogwe nyeupe ipo, Tengeru White kwa mfano, ni mmea mwingine wa ukoo huohuo. Mwachie jirani tunda moja likomae: ngogwe inaishia nyekundu au chungwa, bilinganya nyeupe inaishia njano ya dhahabu. Na hiyo njano ndiyo ya mbegu, kama si chotara. Weka alama tunda moja zuri la shina zima lisilo na ugonjwa, liache mpaka lilainike, lichume, likae wiki moja kivulini. Kamulia mbegu kwenye maji, zinazozama chukua, zinazoelea mwaga. Anika kwenye sahani kivulini, siyo kwenye karatasi, zitaganda. Kama jirani ana zambarau karibu, ua la shina la mbegu livishe kifuko cha kitambaa chepesi kabla halijafunguka na uligonge mwenyewe, maana likichanganyika kizazi kijacho kinaweza kutoka zambarau. Unyevu wa Tanga unaua mbegu haraka: chupa ya kioo, mchele uliokaangwa ukakauka chini, kitambaa, mbegu juu, kifuniko kikali.

Mwambao_Tanga

Na shina lililochoka msiling'oe kama halina mnyauko. Mchumo ukipungua likate libaki sentimita 25 hadi 30 juu ya ardhi, juu ya vijicho vitatu vinne, samadi nusu sado, maji. Linarudi kuzaa baada ya wiki 6 hadi 8. Likate mwezi wa tisa, vuli ilikute limeshachipua.